Mwaka Nilioandikwa Mama

Tumemzika Sesilia Jumanne, hapa hapa Tabora, na wasifu wake umesomwa na mjukuu wake mwenye sauti nzuri kuliko akili. Amesema bibi yake alimcha Mungu tangu usichana, alifundwa na masista, na hakuwahi kukosa Komunyo hata Jumapili moja. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilikuwa nimeketi mkekani na wanawake wenzangu, miguu imekufa ganzi, nikainamisha macho, maana hilo la Komunyo ni kweli tupu, na ndilo lililoniuma kuliko yote mwaka ule. Anayejua habari nzima nimebaki peke yangu. Padri alishakufa, katekista alishakufa, Bibi wa Gongoni alishakufa, na sasa Sesilia naye. Siri ya mtungi aijuaye kata, wanasema. Basi kata ni mimi, na nimechoka kunyamaza. Habari za baba na mama na ng'ombe waliokuwa nao nitaziacha, kila mtu ana baba na mama. Nitasimulia mwaka mmoja tu, nilipokuwa na miaka kumi na saba, Mwingereza akiwa bado anatawala, mwaka niliofungiwa katika nyumba ya wachumba.

Ilikuwa misheni ndogo, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka mjini, kando ya njia ile ya zamani ambayo misafara ya pembe ilipita kwenda Ujiji. Msichana akishaposwa na kijana Mkatoliki aliletwa pale akae miezi sita, afundishwe dini, ushonaji na usafi, ndipo afungishwe ndoa. Tulikuwa kumi na mmoja katika chumba kimoja kirefu cha matofali mabichi, vitanda vya kamba vimepangwa pande mbili, na dirisha moja lililowekwa juu sana hata mrefu kuliko wote, ndiye mimi, aliona mbingu tu. Lango lilifungwa kwa ufunguo. Sista wetu alikuwa Mzungu mfupi, mwenye mkono mwepesi wa kuchapa na moyo mwema, na funguo zake zililia kiunoni hata alipopiga magoti. Asubuhi tulikula matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa na kukaushwa, tukitafuna mpaka taya ziume. Mchana ugali wa mtama na kisamvu cha kunde, na jioni tena vilevile. Ijumaa tulikatazwa nyama, utadhani siku nyingine tulikuwa tunaiona! Barua za wachumba wetu Sista alizisoma kwanza. Wa kwangu, Anselmi, alikuwa mshika bendera katika stesheni ya Kigwa, na barua zake zilihusu treni tu, kwa hiyo hazikukatwa hata neno.

Kwa kuwa wengi wetu tungeolewa katika vijiji vilivyo mbali na padri, Sista alitufundisha kubatiza mtoto aliye katika hatari ya kufa. Kila mmoja alipewa kibuyu kidogo, akakishika kama kichanga, akakimiminia maji huku akisema maneno. Alhamisi baada ya Alhamisi tulibatiza vibuyu mpaka vikaota ukungu. Sista akasema hata aliyetoka kabla ya siku zake, mkiwa na shaka kama ana uhai, mwagieni maji mkisema, "Kama u hai, nakubatiza." Msipotambua ni wa kiume au wa kike, mwiteni Maria, hata akiwa mwanamume hatachukia. Kisha mje mumwarifu Padri aandikwe. Hapo katekista Zakaria akadakia. Yeye ndiye aliyeandika daftari la ubatizo, kwa mwandiko ambao sijauona tena mzuri kama ule. Akatufunulia ukurasa, akatuonyesha safu zake: jina la mtoto, jina la baba, jina la mama, aliyebatiza. "Mbinguni kuna kitabu," akasema, "na hiki ni nakala yake. Asiyeandikwa hapa, kule watamwita kwa jina gani?" Wenzangu walisikia mahubiri. Mimi nilisikia sheria. Nilikuwa msichana wa namna hiyo, kila nilichoambiwa na mtu mwenye kitabu nilikimeza na maganda yake.

Sesilia alilala kitanda kilichopakana na changu. Mchumba wake alikuwa amekwenda Tanga kukata mkonge, arudi akimaliza mkataba wake. Alikuwa msichana mwembamba, mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. "Paulina," alikuwa akinitania, "wewe ukifika mbinguni utamsahihisha Petro." Nilimpenda, na nilimwonea wivu pia, kwa sababu yeye aliweza kucheka kanisani bila kuonekana.

Siku moja tulikuwa ukumbini tunamenya karanga, mama mmoja wa kijijini akaja kwa Padri, akaketi chini barazani. Tuliwasikia wote, nyumba ile haikuwa na dari. Binti yake, mama wa watoto watatu, alikuwa amekunywa dawa atoe mimba ya nne, akafa. Mama akaomba azikwe makaburini pa Wakristo. Padri wetu alikuwa na ndevu nyingi na Kinyamwezi kizuri kuliko Kiswahili chake. Katekista ndiye aliyesema. "Padri, mtoto yule alikuwa na kosa gani? Mtu mzima akiuawa tunapiga yowe kijiji kizima. Huyu hakuna aliyemsikia akilia. Nani atampigia yowe, kama si sisi?" Padri akajibu, "Na mama yake, nani atampigia?" Yule mama akasema, "Mimi sijaja kubishana, baba zangu. Mimi naomba shimo." Wakamzika nje ya ua wa minyaa uliozunguka makaburi. Padri akamwombea bila mavazi yake ya ibada, na aliyechimba kaburi, kwa jembe lake mwenyewe, alikuwa katekista. Mpaka leo nikitaka kumchukia Zakaria namkumbuka na lile jembe nashindwa. Sesilia alimenya karanga zake mpaka mwisho wa ungo bila kuinua kichwa. Nilidhani ni uchovu.

Wiki ile ile, tukifua bwawani, akaniambia. Kabla ya kuletwa misheni alikuwa Sikonge kumwuguza dada yake aliyejifungua. "Shemeji," akasema. Neno moja tu. Halafu akasema, "Hakuniomba." Nikaendelea kusugua shuka lililokwisha takata. Nikamwambia amweleze Sista. Akanicheka kicheko kibaya. Dada ana watoto wanne na kichanga, ataondoka aende wapi? Mchumba akirudi kutoka Tanga akakuta tumbo si lake? Nikamwambia unalofikiria ni dhambi ya mauti, Sesilia, umewasikia kina katekista. "Najua ni dhambi," akasema. "Wewe uliyesoma sana, nionyeshe mlango usio na dhambi, nipite huo." Nilitafuta. Wallahi, kama wasemavyo wenzetu wa mjini, niliutafuta mlango ule siku tatu, nikitafuna matobolwa na kutazama dirisha lile la mbinguni, na sikuuona. Nimezeeka sijauona.

Mimi niliaminiwa. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi Sista alinifungulia lango niende mjini kununua chumvi na mafuta ya taa. Ijumaa ile nilipitia mtaa wa Gongoni, kwa mkunga mmoja wa Kiislamu ambaye mji mzima ulimwita Bibi. Nyumba yake ilinukia udi na buni iliyokaangwa. Nikapiga magoti. "Shikamoo, Bibi." "Marahaba, mwanangu. Wa misheni weye, naona rozari." Nikamweleza kwamba rafiki yangu ana tumbo linamsumbua. Bibi akanimiminia kahawa, akanitazama. "Ana muda gani?" Nikasema miezi mitatu haijatimia. "Wapo mashehe wasemao roho hupulizwa siku ya mia na ishirini. Wapo wasemao hata kabla ya hapo ni haramu. Nimezalisha nusu ya mji huu, na sijui nani ana haki. Ninachojua, wapo waliojichokoa wenyewe kwa vijiti, wakaletwa kwangu nikaishia kuwaosha maiti. Basi mimi nimechagua la kujibu mbele ya Mola wangu. Na wewe uchague lako. Unajua unabeba nini?" Nikasema, "Dawa ya tumbo." Akakirudisha kifuani pake kifuko cha dawa alichokuwa amekitoa. "Usinifanye mtoto. Sema unajua." Kahawa ilikuwa chungu, machozi yakanitoka. "Najua, Bibi." Ndipo akanipa. Watu wa umri wangu hupenda kusema tulikuwa wadogo, hatukujua. Nisijidanganye uzeeni. Nilijua, na nilikwisha sema.

Ilikuwa Jumapili, wakati wa misa kubwa. Sesilia alisema ana homa, nami nikaachwa nimwuguze. Tulikuwa katika stoo ya karanga, mlango umefungwa, na kwa mbali tuliwasikia wenzetu wakiimba. Sitaeleza yote. Aliuma kitambaa asipige kelele, na mimi nilimshika mgongo, nikisali nisijue ninaomba nini. Ilipokwisha nikaona kilichokuwa juu ya kanga, kidogo, hakifiki urefu wa kidole changu cha kati, na mikono yangu ikafanya ilichofundishwa. Nikachota maji kikombeni. "Maria, kama u hai, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Sesilia aligeukia ukutani. Nikakifunga katika leso yangu, nikakizika nyuma ya mpapai, na wenzetu waliporudi kutoka kanisani walimkuta amelala na mimi nafua. Sista akamletea uji kwa mkono wake mwenyewe, akaupuliza upoe.

Mkiniuliza leo, maana wajukuu huniuliza, wameona ubishi huu kila mahali, mimi sina jibu la mkato. Naamini palikuwa na mtu pale juu ya kanga. Kama hapakuwa na mtu, nilimbatiza nani? Na bado sijaweza kumwonyesha Sesilia mlango wa kupita. Wenye jibu moja nawasikiliza kwa heshima, kisha naenda kupalilia.

Nilishindwa kukaa nayo. Jumamosi iliyofuata nikaingia kizimbani kuungama. Nikasema nimebeba dawa ya kutoa mimba, mwenzangu ameinywa, imetoka. Padri akasogea karibu na wavu uliotutenga. "Usinitajie jina lake," akasema. Nikasema sitaji. Akasema dhambi hii yeye hana ruhusa ya kuiondoa, ni ya Askofu, atamwandikia bila kunitaja, na mimi ningoje. "Ningoje wapi, Padri?" "Ungoje bila Komunyo, mwanangu." Kama kweli asiyeandikwa daftarini hajulikani mbinguni, hilo sikumwuliza. Ningemwuliza tu, angenieleza kwa dakika moja, na maisha yangu yangekuwa mengine.

Basi nikangoja. Jumapili, wakati wa Komunyo, benchi zima lilinyanyuka, wakanipita magotini mmoja mmoja, nikabaki peke yangu kama jino bovu. Jumapili ya pili vilevile, ya tatu vilevile. Kanisa la kijiji halihitaji gazeti. Wanawake wa upande wa pili waliacha kutazama altare, wakawa wanatazama tumbo langu. Mama yake Anselmi alikuja kutoka Kigwa kunisalimia, akaniona benchini, akaondoka bila kunywa maji. Na Sesilia? Sesilia aliondoka kitandani siku ya tatu, akapata rangi, na kila Jumapili alikwenda mbele kwa wenzake, akafumba macho, akapokea. Nilimchukia! Nilimchukia kwa hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu mwingine. Nikamwuliza bwawani, hivi wewe humwogopi Mungu? Akasema, "Nisipokwenda watajua. Namwogopa, Paulina. Nakwenda namwogopa." Sista naye akaniita. "Paulina, una nini na Mungu?" Nikamjibu, "Tunazungumza, Sista." Akanichapa kofi dogo, kisha akanipapasa palepale aliponichapa.

Lakini lililonitafuna kuliko macho ya watu lilikuwa lile daftari. Nimembatiza mtoto na sijamwarifu Padri, hajaandikwa. Kila lango lile lilipofungwa, ufunguo ukilia, nilimwona amesimama nje ya lango jingine, na malaika anafunua kurasa, anafunua, jina halipo. Nikisema aandikwe, itabidi mama atajwe, maana katekista alituambia mtoto hashuki kama mvua, lazima ana mama. Nikimtaja Sesilia, nimemwangamiza yeye na dada yake. Nikinyamaza, nikaolewa Kigwa, nimemwacha mtoto nje milele. Nilipokuwa na miaka zaidi ya arobaini nilimsimulia mpwa wangu ambaye ni mtawa, bila kutaja majina. Akacheka kwa upendo. "Shangazi, Mungu ahitaji daftari la nini?" Nilicheka naye, kisha nikaenda jikoni nikalia, sufuria ikaungua.

Siku moja baada ya masomo nilikwenda ofisini. Katekista alikuwa mezani na kalamu yake ya wino, Padri amesimama dirishani anasoma sala zake. Nikasema nimekuja kuarifu ubatizo wa hatari. Katekista akafurahi, masikini, mwanafunzi wake! Akafungua ukurasa, akachovya kalamu. Jina la mtoto? Maria. Yu hai? Alikufa. Jina la baba? Hajulikani. Kalamu ikasimama kidogo. Aliyebatiza? Paulina. "Jina la mama?"

"Paulina," nikasema. "Mimi mwenyewe."

Katekista aliinua uso, na nikaona uso wa mtu aliyeibiwa. Sikumtazama sana. Nilimtazama Padri, kwa sababu yeye alijua. Kizimbani nilikuwa nimemwambia mwenzangu ndiye aliyekunywa, na yaliyosemwa kizimbani padri hawezi kuyatumia nje, hata kwa kukonyeza, hata kwa kukohoa. Katekista mwenyewe alitufundisha hayo, mapadri hufa nayo. Niliingia ofisini nikilijua hilo, na nikalitegemea. Nilikuwa nimefungwa miezi mitano, na siku hiyo nikamfunga mtu mwingine. Padri akafunga kitabu chake cha sala. "Binti," akasema, "umefikiri?" Nikasema nimefikiri. "Sema tena polepole, mbele ya Mungu, jina la mama." Alikuwa akinisihi. Nikasema tena. Katekista akauliza, "Padri, niandike?" "Andika anavyosema," akasema, na akatoka nje.

Nilijua yatakayofuata, na yakafuata. Katekista hakuwa mtu wa umbea, lakini hakuwa mtu wa kumficha Sista jambo. Tangazo la ndoa yangu halikusomwa. Ng'ombe wa akina Anselmi walirudi Kigwa kabla mwezi haujaandama. Ruhusa ya Askofu ilikuja baadaye, nikaondolewa dhambi ile. Sikumwambia Padri kwamba nimeongeza ya uongo, naye alijua, tukakaa hivyo pande mbili za wavu. Lakini saa ile nilipotoka ofisini sikuwa na hofu wala huzuni. Nilikuwa na furaha, sioni aibu kusema. Nilijiona nimeuvunja ukuta mahali ambapo hapakuwa na mlango. Mtoto ameandikwa, Sesilia yu salama, dada yake yu salama, atakayelipa ni mimi. Nilitaka kumwambia haraka, anishukuru. Ndiyo, nilitaka shukrani, nilikuwa na miaka kumi na saba.

Nikamkuta chumba cha pasi, peke yake, ananyoosha vitambaa vya altare. Palikuwa na joto la makaa na harufu ya wanga. Nikafunga mlango. "Ameandikwa," nikasema.

"Nani?"

"Mtoto. Katika daftari. Sasa ana jina, anajulikana."

Pasi ikasimama. "Kwa nani? Umenitaja?"

"Sikukutaja. Nimejitaja mimi. Nimeandikwa mimi ndiye mama, usiogope, hakuna atakayejua kamwe."

Nilingoja anikumbatie. Aliinyanyua pasi kabla haijaunguza kitambaa, akaisimamisha pembeni, akakaa juu ya kapu la nguo. Alinitazama kama mtu anayetazama nyumba yake inavyobomolewa.

"Kwa hiyo si wangu tena," akasema.

Nikaanza kumweleza habari ya kitabu, nakala ya mbinguni, malaika, safu ya mama. Akaniacha nimalize. Hakulia. Miezi yote ile sikuwahi kumwona akilia, na kwa sababu hiyo nilidhani amesahau.

"Na umemwita nani?"

"Maria. Sista alisema usipojua..."

"Mimi nilikuwa nimekwisha mpa jina," Sesilia akasema. "Tangu bwawani, kabla hujakwenda Gongoni. Nilikuwa namwita kwa jina lake kila ninapopokea pale mbele. Hukuniuliza, Paulina. Hata siku moja hukuniuliza."

Nikamwuliza ni jina gani. Akainuka, akafungua kifuniko cha pasi, akatia makaa mapya, akaipuliza mpaka majivu yakatuingia machoni sote wawili. Hakuniambia siku ile, wala siku nyingine yoyote.